Kikao cha Kusimama

Kikao ni kukaa. Ndivyo nilivyofundishwa.
Kwa hiyo Jumatatu ile, saa mbili na robo,
mkufunzi alipotuambia tuondoe viti,
Hoza wa masijala aliushika mgongo wa kiti chake
kama anayeshika mkono wa mgonjwa.
"Kikao cha kusimama? Basi kiitwe kisimamo,
na goti langu lipewe likizo."

Tulicheka. Kisha tukasimama,
watu kumi na mmoja wa idara ya ankara za maji,
ghorofa ya pili, Chumbageni.
Ukutani karatasi za rangi, safu tatu:
Bado. Inafanyika. Imekwisha.
Upepo wa bandarini ukaingia, ukabandua nne,
na Kaniki wa hifadhidata akasema,
"Mungu naye katupunguzia."

Niseme tulikotoka.
Tulikuwa na Mpango, kwa herufi kubwa.
Kurasa mia mbili na kumi na mbili, muhuri mwekundu,
miaka mitatu ya vikao vya kukaa
(sambusa, posho, kumbukumbu za kikao kilichopita),
na siku mfumo ulipowashwa
ulimtumia ankara marehemu Mbaruku wa Msambweni,
ukamtoza faini kwa kuchelewa kujibu.
Hakuna aliyekosea. Kila mtu alikuwa ametia saini.

Mkufunzi akasema: wiki mbili.
Kitu kimoja, kidogo, kinachofanya kazi.
Haba na haba, akaanza,
tukamkata: kibaba twakijua sisi,
tunakilipisha kikiwa kitupu.

Tukachagua hiki:
Chambo, msoma mita, akiona namba imekosewa
airekebishe palepale kwa simu, mlangoni pa mtu,
bila saini saba.
Saba. Nilizihesabu usiku, kitandani,
na ya nne ilikuwa yangu.

Wiki ya pili tulimwita Bi Mwanasiti
wa Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani, muuza mbaazi,
anayedaiwa laki nne na kumi na nane elfu
kwa bomba linalotoa pumzi.
Tukampa simu. Akavaa miwani.
Akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza.
"Hapa mmeandika Wasilisha Lalamiko.
Mimi silalamiki. Nasema bomba halitoi maji."

Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi.
Kisha Nambeo akavuta kompyuta, akafuta, akaandika:
Sema.
Dakika nne.
Bi Mwanasiti akalisoma neno kwa sauti,
akaligusa kwa kidole
kama anayeonja wali kama umeiva.

Miaka mitatu, kurasa zile zote,
hakuna aliyewahi kumpa simu aishike.

Nisidanganye kwamba maji yalifuata.
Dakika nne za neno, siku kumi na tisa za barua
kuomba idhini ya neno.
Makao makuu wakauliza limo ukurasa gani wa Mpango.
Fedha wakataka wiki mbili mbili za mwaka mzima,
zipangwe zote leo.
Mtu fulani, simtaji, aliihamisha karatasi yetu usiku
ikalala kwenye Imekwisha, wageni waione.
Asubuhi Hoza akairudisha, kisha akakaa.
(Tulikubaliana: Hoza anakaa.
Nadhani hilo ndilo badiliko letu la kwanza la kweli.)

Ijumaa moja Mkurugenzi, Bwana Shekivuli,
akaja kusimama nasi, mikono nyuma.
Zamu ikazunguka: jana, leo, kinachokukwamisha.
Ikamfikia Chambo.
"Jana nilikwenda Mabawa. Leo nakwenda Mabawa.
Kinachonikwamisha kipo mezani kwako, mheshimiwa,
faili la kijani, chini ya birika."

Nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake.
Mkurugenzi alivitazama viatu vya Chambo,
soli moja imefungwa kwa waya,
akavitazama muda mrefu.
"Saini ya nne," akauliza, "ni ya nani?"

Nikainua mkono.

Karatasi ile bado ipo safu ya kati.
Zimebaki saini sita.
Na mkono wangu, wallahi, unawasha
kila ankara inapopita bila kunijua.